Upanga Wenye Mpini wa Mpira

Vijana wa darasa la Jumamosi pale kitongojini Tensta, mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu, na mwalimu wenu akaongeza kwamba niandike Kiswahili chepesi, maana wengine wenu mkisoma ukurasa mmoja mnaomba maji. Sawa. Lakini najua mnachokitaka. Mtu akisikia kwamba Babu Rajabu alishinda na silaha za kale kwa zaidi ya miaka thelathini, anangoja vita, damu na vichwa kuviringika. Mimi nitaanza na mate.

Ndiyo, mate. Karakana yetu ilikuwa chini ya jengo moja katikati ya jiji la Stockholm, ngazi kumi na mbili kwenda chini, na humo makumbusho na watu binafsi walileta vyuma vyao vya zamani vitunzwe. Nilikuwa kijana kutoka Tanga, nimekuja Sweden kujifunza ufundi wa chuma, nikapata nafasi pale kwa bahati tu. Siku yangu ya pili nikamwona bibi aliyepewa kazi ya kunifundisha, jina lake Gunvor, amechukua kijiti chenye pamba, akakitia mdomoni, kisha akaanza kufutia kikombe cha fedha cha mtu mkubwa aliyekufa zamani. Nikageuza uso kwa adabu. Nilidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Mate yana joto, yana upole, yanaondoa uchafu bila kuumiza chuma. Nilipomwandikia mama yangu habari hiyo, akanijibu kwa mkono wa kaka yangu kwamba kama Ulaya sabuni imekwisha, niseme wanitumie kipande. Na Ramadhani ilipofika nikawa taabuni, mdomo mkavu na kazi inangoja. Nikamweleza Gunvor kwamba nimefunga. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwezi huu mate nitatoa mimi, wewe utafuta." Tukafanya hivyo kila mwaka mpaka alipostaafu. Sijui kama kuna mtu mwingine katika ulimwengu wa Kiislamu aliyesaidiwa namna ile.

Nilimwita Mama Gunvor. Mwanzoni alishangaa, kwa sababu huku hata mkurugenzi anaitwa kwa jina lake tupu. Akaniuliza, "Mimi ni mama yako?" Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake haitwi hivihivi. Baada ya mwaka mmoja, mtu akimwita Gunvor bila Mama mbele yangu, yeye mwenyewe alinitazama kwa pembe ya jicho kuona kama nimekasirika.

Sasa ufundi, kabla hamjafunga karatasi hii. Kutu si moja. Kuna kutu iliyo hai, ya rangi ya chungwa, ukiigusa inakuachia unga kidoleni. Hiyo inaendelea kula chuma na lazima uizuie. Na kuna kutu iliyokufa, nyeusi, imetulia, imeshikamana na chuma miaka na miaka. Hiyo usiiguse, inakilinda. La pili, usishike ubapa wa upanga kwa mkono mtupu. Jasho lina chumvi. Nimewahi kuona alama ya kidole cha mtu imeandikwa kwa kutu juu ya chuma, na mwenye kidole alikuwa ameshazikwa. La tatu, msipake mafuta ya nazi. Kuna ndugu yetu mmoja wa Vällingby alilipaka jambia la babu yake mafuta ya nazi mwaka mzima kwa mapenzi, akaniletea kitu kinanata na kunuka kama bakuli la wali lililosahauliwa. Pakeni nta, kidogo, kisha mfute mpaka mdhani hamkupaka kitu.

Na kubwa kuliko yote ni ripoti ya hali. Kitu kikiingia, hakiguswi mpaka kiandikiwe ukurasa: kimepinda wapi, kimelika wapi, kimeongezwa nini na nani. Mama Gunvor alisema uchafu lazima usomwe kwanza, ndipo usafishwe. Nilimwitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni rahisi.

Mwezi wangu wa tatu ukaletwa upanga wa ofisa wa Kiingereza wa wapanda farasi, wa zaidi ya miaka mia moja. Ubapa mrefu, umepinda kidogo, na ala ya chuma. Mpini umevikwa ngozi ya papa na kuzungushiwa waya wa fedha, ili mkono usiteleze hata ukilowa jasho. Mbele ya mpini pana kikinga cha fito tatu za chuma zilizopinda upande mmoja, kuulinda mgongo wa mkono. Nasema upande mmoja, na mlishike hilo, kwa sababu waliozitengeneza panga hizo walimfikiria mtu wa mkono wa kulia peke yake. Jeshi halikuwa na mashoto.

Mama Gunvor akaenda kula. Mimi nikabaki na nia njema. Kwetu Tanga, siku mbili kabla ya Idi, mama alikuwa akitutoa uani na masufuria, majivu na mchanga, na sufuria isiyong'aa ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Kwa malezi yale, nikautazama upanga ule mweusimweusi wa bwana mkubwa nikauonea huruma. Nikachukua stilwaya na dawa ya kung'arishia, nikasugua kama nimetumwa na mama. Mama Gunvor aliporudi, ubapa ulikuwa unamwonyesha uso wake.

Hakupiga kelele. Alikaa, akavua miwani. Karibu na mpini palikuwa na nakshi nyembamba zilizochorwa kwa tindikali, na katikati yake jina la mwenye upanga. Nilikuwa nimelisugua lote. "Huyu mtu alikuwa amebakiwa na jina tu," akasema. "Sasa hana." Kisha akanipa kalamu, akaniamuru niandike kwenye ripoti: jina la mwenyewe limefutika kwa kusuguliwa, aliyefuta ni Rajabu. Nikatia sahihi. Nakala ya karatasi ile ninayo kabatini hadi leo, kati ya pasi yangu ya kusafiria na cheti cha ndoa, na kila nikiiona bado naona haya.

Mama Gunvor alistaafu, na baadaye akafariki. Nikarithi meza yake na kiti chake kilichokuwa kinalia kila ukiinama. Mambo yakabadilika. Ripoti zikahamia kwenye kompyuta, picha zikapigwa kwa simu, na mate yakaandikiwa utaratibu kwamba yatoke kwa mtu ambaye hajanywa kahawa. Akaja mkuu mpya wa karakana, Henrik, kijana aliyezaliwa mimi nikiwa tayari nimeharibu upanga wangu wa kwanza. Mtu mzuri, hodari, mwenye haraka. Nilimpenda, ingawa alinizoeza kusikia neno "ratiba" mpaka nikaliota.

Katika vuli yangu ya mwisho kazini, akashuka zile ngazi kumi na mbili mama mmoja wa Uganda, amekumbatia kitu kirefu ndani ya shuka ya maua kilichofungwa kamba mara tano. Aliitwa Teopista, muuguzi, anakaa Jordbro, nje ya jiji. Aliposikia jina langu akaacha Kiswidi palepale. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, alikolelewa. "Mzee, asante Mungu," akasema. "Nilikuwa naogopa kueleza hii kitu kwa watu wa hapa."

Nikampa kahawa. Akaipokea kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umeshikilia kiwiko cha kulia, kama mtoto aliyefunzwa. Nilipogeuka kutafuta glavu, nikaona kwa jicho la pembeni kikombe kimehamia mkono wa kushoto. Nilipomgeukia tena, kikarudi kulia haraka. Hata mimi ningechapwa na mama yangu kwa kupokea kitu kwa kushoto mbele ya mgeni.

Ndani ya shuka mlikuwa na upanga wa ofisa wa wapanda farasi wa Kiingereza, ndugu kabisa wa ule nilioufuta jina. Lakini huu ulikuwa umechoka. Makali yalijaa mapengo. Fito moja ya kikinga ilikuwa imepinda kwenda nje. Ngozi ya papa na waya wa fedha havikuwepo, na badala yake mpini ulikuwa umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli, uliokakamaa kwa jua.

Teopista akaeleza. Baba yake alikuwa mtunza farasi wa ofisa mmoja Mwingereza huko Uganda, na yule ofisa alipoondoka alimwachia upanga aliourithi kwa babu yake. Kwenye miaka mibaya baba alichukuliwa na watu wenye bunduki, hakurudi. Teopista alikuwa na miaka miwili. Mama yake naye akafariki, mtoto akapelekwa Nairobi kwa mama yake mdogo, na huko akakua hana hata picha moja ya baba, kwa sababu nyumba ya wazazi iliungua. Upanga ulibaki Masaka kwa jamaa, na mwaka ule ndipo walipoukuta juu ya dari wakamtumia kwa vibali vyote.

"Walisema alipigana na hii kitu," akasema. "Vita ya wazungu. Mjukuu wangu ameandika shuleni, babu yake mkubwa ni shujaa. Nataka ikuwe mpya, mzee. Vile ilikuwa siku alipewa. Niweke kwa ukuta, watoto waone." Kisha akasema polepole, "Mimi sijui hata sura yake. Hii ndiyo baba."

Henrik akaukagua, akapiga picha. Alipoona mapengo na ile fito iliyopinda akasema ni majeraha ya vita bila shaka, na Teopista akanitazama kwa furaha. Agizo likaandikwa: mpira uondolewe, mpini uvikwe ngozi mpya, fito inyooshwe, makali yasawazishwe, ubapa ung'arishwe. Kazi yangu, nianze Jumatatu.

Jumatatu nikakaa kwenye kiti cha Mama Gunvor na kioo cha kukuzia, nikausoma uchafu.

Upanga ukigongana na upanga mwenzake huacha pengo moja jembamba na la kina, na mara nyingi mapengo huwa machache. Haya yalikuwa mengi, madogo, ya mviringo, karibu yote kwenye theluthi ya mwisho kuelekea ncha. Hapo ndipo mkono ukifyeka hugonga mawe. Halafu yale makali. Yalikuwa yamenolewa, si kwa mashine, wala kwa fundi wa jeshi. Yamenolewa juu ya jiwe lililolazwa chini, kwa maji, na mtu anayesukuma mbele, mpaka katikati pakaingia ndani kidogo. Henrik hajawahi kunoa panga la shamba maishani mwake. Mimi nimenoa mengi, na nimekaripiwa kwa kuyanoa vibaya. Kile hakikuwa kidonda cha vita. Yule mtunza farasi alikuwa akifyekea shamba, mwaka hadi mwaka, na mpini ulipochakaa akaufunga mpira wa baiskeli kama mtu yeyote wa kwetu mwenye akili.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Ukinoa kwa jiwe, upande mmoja wa makali huliwa zaidi kuliko mwingine. Huu ulikuwa umeliwa upande nisiouzoea. Nikampigia mke wangu, nikamwomba aende kwenye kibustani chetu cha Vällingby, alipige picha panga letu pande zote mbili anitumie. Akaniuliza kama nimekula. Picha ikaja, nikaiweka kando ya upanga. Vilikuwa kinyume.

Nikaitazama ile fito. Pigo la adui lingeisukuma ndani, kuelekea mkono. Hii ilikuwa imevutwa nje kwa koleo, taratibu, na alama za meno ya koleo zilionekana. Nani apanue kikinga kinachomlinda? Nikavaa glavu, nikaushika upanga kwa mkono wa kulia. Kwenye mpira palikuwa na mahali palipolika na kung'aa, pa ukubwa wa kidole gumba, lakini gumba langu halikufika hapo. Nikauhamishia kushoto. Gumba likatua penyewe. Na ile fito iliyopinda ikaupisha mkono wangu vizuri, bila kuukwaruza.

Niliuweka mezani. Nilikuwa nimekikumbuka kile kikombe cha kahawa.

Henrik nilimweleza yote. Alisikiliza, akakiri hajawahi kuona kitu kama hicho. Kisha akasema, "Rajabu, mteja ameagiza. Anajua anachotaka. Na ukimwambia haya, utamnyang'anya baba shujaa." Hapo alinishika pabaya, kwa sababu alikuwa na haki. Nani alinituma kuwaambia watu kwamba baba zao walifyeka majani? Nikiufanya upya upanga, mama wa watu angefurahi, wajukuu wangefurahi, na mimi ningestaafu kwa amani. Ila baba yake angekuwa amefutwa, na safari hii nisingeweza kusema sikujua. Nikamwomba Henrik siku mbili. Akatazama ratiba, akaniachia.

Nilimpigia simu Teopista, akaja na treni ya asubuhi, bado amevaa viatu vya kazini. Aliukuta upanga mezani vilevile, na mpira wake.

"Hukusafisha?"

"Sijaugusa, mama. Kaa kwanza."

Nikamwonyesha mapengo, nikamwonyesha makali. Nilieleza polepole, na kadiri nilivyoeleza uso wake ulizidi kujikunja.

"Kwa hivyo unasema babangu alikuwa anakata nyasi na hii."

"Migomba, nadhani. Majani yake makavu. Miaka mingi, na kwa bidii."

"Na mimi nimedanganya watoto." Akasimama, akaanza kuikunja ile shuka ya maua. "Mzee, nilikuletea baba, unanirudishia panga ya shamba."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Kabla hujaondoka, ushike. Sahau glavu, ushike hivyohivyo."

Tangu nilipoingia karakana ile sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Henrik, aliyekuwa mlangoni, akasogea kutazama.

Teopista akaushika kwa mkono wa kulia. "Haikai," akasema.

"Basi badilisha mkono."

Alinitazama vile mtu anavyomtazama mkubwa wake kabla ya kufanya jambo lililokatazwa. Kisha akauhamisha. Vidole vikazunguka mpira, gumba likateleza kidogo, likatua pale palipong'aa. Akalitoa, akalirudisha. Likatua palepale.

"Yeye ndiye aliyepachimba," nikamwambia. "Alikuwa wa kushoto. Upanga wa Mwingereza ulimkataa, akaupinda mpaka ukamkubali."

Alikaa na ule upanga mapajani, mkono haujauachia, machozi yanamtoka bila sauti. Baadaye akasema, "Mama mdogo alikuwa anafunga huu mkono na leso wakati wa kula. Mwalimu alinichapa nao na rula. Kila mtu alikuwa ananiuliza, huu mkono umeutoa wapi." Akaugeuza, akautazama kiganja kana kwamba ni barua. "Hakuna mtu angeniambia."

Tulikunywa kahawa. Safari hii kikombe kilikaa mkono wa kushoto kikatulia. Nikamuuliza tufanye nini na lile agizo. Akasema nizuie tu ile kutu iliyo hai, mengine nisiguse, na kwamba wajukuu atawaambia ukweli wote. Mmoja wao analia kila akipewa mkasi wa shuleni, uliotengenezwa kwa mkono wa kulia, hatimaye atajua kwa nini. Henrik akafuta agizo kwenye kompyuta. Mimi nikaandika ripoti kwa mkono, ya mwisho katika kazi yangu: mapengo ya kufyekea, makali ya kunolea jiwe, fito imepanuliwa na mwenyewe kwa koleo, mpini wa mpira wenye alama ya gumba la kushoto. Pale panapotakiwa jina la aliyeutumia, palipokuwa wazi, nikamwomba anitajie, nikaliandika kwa herufi kubwa.

Wanangu, jina hilo siwaambii, ni la nyumba yake. Najua tu kwamba mara hii niliandika jina, sikulifuta, na ningetamani Mama Gunvor awepo alione.

Wiki mbili baadaye Teopista alikuja kuuchukua. Aliufunga kwenye shuka yake ya maua, kamba mara tano, akausimamisha ukutani ili aniage. Akanyoosha mkono. Ulikuwa wa kushoto. Nami, niliyelelewa Tanga na mama mkali, mbele ya mgeni, nikaupokea kwa kushoto.